Dakika Saba za Kumsifu Kipa

Ile voisi niliirekodi nikiwa nimelala kwenye kiti cha nyuma cha gari. Gari lenyewe halikuwepo, kilikuwepo kiti tu, kimeng'olewa, kinasubiri ngozi mpya. Kazi yangu hapa Satwa ni hiyo, tunavalisha viti vya magari. Agosti, kuanzia saa saba mchana mpaka saa kumi, duka linafungwa kwa ajili ya joto. Arbab, mwenye duka, anakwenda kulala kwake, mimi nabaki ndani na kiyoyozi na marobota ya sponji. Na hapo ndipo nilipokuwa nafanyia kazi yangu ya pili, ambayo watu wananijua nayo kuliko hii ya viti. Kulinganisha timu.

Nieleze kidogo. Sisi watu wa Afrika Mashariki hapa Dubai tuna ligi yetu. Timu ni nyingi lakini za kuogopwa ni tatu: Satwa, ambayo ni yetu, Nahda, na Discovery Gardens, ambayo wote tunaiita Diskavari. Inaanza Oktoba joto likilegea, inachezwa Jumapili saa kumi na mbili asubuhi kwenye uwanja wa mchanga, na saa mbili iwe imekwisha, kabla jua halijachoma. Wachezaji ni walinzi, wapishi, wafagiaji, watu wa viti.

Lakini vita yenyewe ni Agosti, wakati wa usajili. Kwa sababu wachezaji wazuri wanatoka vyuoni. Kule nyumbani mtu anamaliza chuo cha ualimu, cha kilimo, cha nini, amecheza mashindano ya vyuo mpaka mkoa mzima unamjua, ajira hakuna, anapanda ndege kuja kuvaa sare ya ulinzi. Sasa timu zote tatu zina watu wao wa kupiga simu. "Huko chuoni kwenu mwaka huu nani anakuja Dubai?" Mtu anagombaniwa hata viza hajagongewa. Hatumpi mshahara, nani ana mshahara wa kumpa mtu? Tunampa kitanda cha chini. Ukiwa umewahi kukaa chumba cha watu nane na vitanda vya kupandana, unajua kitanda cha chini ni nini. Laini ya simu, pilau ya Jumapili, na mtu wa kukuelekeza mabasi. Kwa vitu hivyo straika wa chuo anaweza kuhama timu.

Mimi chuo sijakanyaga. Darasa la saba nikaishia hapo, viti nilijifunza kwa kumwangalia Mpakistani mmoja mikono yake, na mpira nilijifunza kuusoma hivyo hivyo, kwa macho. Kila Agosti nilikuwa natoa voisi moja ya kulinganisha usajili wa zile timu tatu, kipa kwa kipa, beki kwa beki, na watu walikuwa wanaisubiri. Wenye diploma zao walikuwa wananipigia kuuliza, "Kaka, unatuonaje?" Nilikuwa nawaambia, mchezaji wa Dubai msimwangalie miguu peke yake. Ana vitu vitatu. Miguu, ofu na viza. Miguu ya dhahabu bila ofu ya Jumapili ni mtazamaji huyo.

Kipa wetu nilimsajili mimi mwenyewe. Alikuwa anadaka timu ya chuo cha ualimu, nikapata habari zake kwa binamu yangu, nikaenda kumsubiri uwanja wa ndege na biriani kwenye boksi. Basi la kampuni yake lilinizidi ujanja, wakampakia kabla sijamfikia, nikakimbia nalo pembeni nikampitishia biriani dirishani. Hakujua mimi ni nani. Wiki iliyofuata akapiga namba niliyokuwa nimeiandika kwenye kifuniko cha boksi, akasema, "Mimi ndiye niliyekula chakula chako."

Huyo ndugu yangu. Sina namna nyingine ya kumsema.

Alikuja huku amemwacha mke wake mjamzito. Mtoto amezaliwa, ametambaa, ametembea, yote ameyaonea kwenye simu. Mkataba wake wa miaka miwili ulikuwa unaisha mwezi wa tisa. Ofisi ikiusaini upya, anapewa likizo ya siku sitini na tiketi, anakwenda kumbeba mwanawe, anarudi kazini. Isipousaini, viza inafutwa, anakwenda jumla, harudi tena. Ndiyo ilikuwa hesabu yake ya mwaka huo, hakuwa na nyingine.

Sasa ile Jumatano Diskavari wakaweka picha kwenye grupu kubwa la ligi. Vijana wawili wa chuo, winga na beki wa kati, bado wana stika za mizigo, wameshikishwa jezi palepale uwanja wa ndege. Grupu likalipuka. Mtu wa Nahda akaandika, "Satwa mwaka huu mnasajili cherehani." Mwingine akajibu, "Cherehani ana ofu lakini?" Watu mia mbili wanacheka.

Mimi nikikasirika mdomo unatangulia. Mama yangu alikuwa anasema nilizaliwa nikiwa katikati ya ugomvi. Usiku ule sikulala vizuri, Alhamisi saa saba mlango ulivyofungwa tu nikajitupa kwenye kile kiti nikabonyeza kurekodi. Nikaanza na kipa.

"Nahda wanaye yule mrefu. Miguu anayo, mikono anayo, ofu hana. Diskavari wanaye mpishi. Mpishi! Mtu ametoka jikoni anakuja golini anasinzia, mpira anaukaribisha kama mteja. Sasa njooni Satwa. Kipa wetu ofu yake ni Jumatano. Jumatano, jamani! Jumapili yuko dyuti. Na msimu mzima hajakosa mechi hata moja. Mnajua anafanyaje? Glavu anaziweka kwenye mfuko wa chakula, chini ya wali. Jengo lake ni la ofisi, Jumapili halina mtu, getini wako wawili. Saa kumi na moja na nusu anamwachia Mganda wake geti, anatoka na mfuko kama anakwenda kupasha chakula. Anadaka mechi nzima. Saa mbili kasoro yuko getini, gudmoning sir. Huyo ndiyo mchezaji! Mwenzenu anaiweka kazi rehani kwa ajili ya jezi, nyie mnatuletea picha za uwanja wa ndege!"

Dakika saba nzima. Mabeki, viungo, mastraika, wote niliwapanga. Nikaituma. Nikapitiwa na usingizi kwenye sponji, nikiwa na raha ya mtu aliyeshinda.

Nilipoamka ilikuwa imeshafika Sharjah na Abu Dhabi. Jamaa mmoja yuko Muscat akanirudishia mimi mwenyewe, "Msikilize huyu mwehu." Vicheko, mioto, makofi. Nikawa nasoma huku nakata ngozi. Halafu kati ya vile vicheko ikaingia meseji ya kipa. Neno moja.

"Futa."

Kwanza sikuelewa. Nikaisikiliza upya. Nilipofika pale kwenye wali, nikaweka mkasi chini.

Nikafuta. Lakini unajua ukifuta grupuni inabaki ile alama kwamba ujumbe umefutwa. Wale ambao hawakuwa wamesikiliza wakaanza kuulizana, amefuta nini? Nani anayo? Ikarushwa tena na watu kumi. Kufuta kwangu ndiko kulikoitangaza.

Nikampigia, hakupokea. Nikampigia mpaka simu ikachoka.

Ijumaa jioni akaja Satwa mwenyewe, tukakaa kwenye kile kituo cha basi chenye kiyoyozi, karibu na maduka ya vitambaa. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Nilitaka kutukanwa.

"Mwanangu," akasema, "ulikuwa unanisifia."

"Nilikuwa nakusifia, wallahi."

"Najua. Ndiyo maana sina cha kukwambia."

"Nitukane basi."

"Nikutukane iwe nini? Supavaiza wetu amebadilishwa mwezi uliopita. Sikukwambia. Unajua aliyeletwa ni nani?"

Akanitajia jina. Nilikuwa namjua. Ligi nzima ilikuwa inamjua. Mkenya mmoja wa makamo, Jumapili zote anasimama pembeni ya uwanja na chupa yake ya chai, anawapigia kelele Diskavari. Yeye ndiye mlezi wa timu yao. Pilau yao inaliwa sebuleni kwake.

"Si anajua wewe ni kipa wetu?"

"Anajua sana. Siku ya kwanza kuja kukagua alinicheka, akasema, wewe ndiye ulitudakia penalti yetu. Alidhani Jumapili niko ofu kama yeye. Nilikuwa natafuta siku nzuri nimwambie ukweli wangu, nimwombe anibadilishie ofu kabla ligi haijaanza."

"Sasa?"

"Sasa umemwambia wewe."

Simu yake ikaita. Akaangalia, akaweka sauti ya wazi, akanisogezea. Alikuwa ni yule mwenzake wa getini, Mganda.

"Nipe huyo mtu wa viti."

"Niko hapa, kaka."

"Mimi niko na watoto watatu shule. Jina langu hukutaja, asante. Sasa niambie. Kwa ile geti, Waganda tuko wangapi?"

Nikamwangalia kipa. Kipa akanionyesha kidole kimoja.

"Mmoja," nikasema.

"Eeh. Mmoja." Akakata.

Kuacha lindo kwenye kampuni yao hakuna onyo la kwanza wala la pili. Ni khalas, kwisha. Na anayemfichia mwenzake anakwenda naye. Kipa alinieleza haya taratibu kama anamweleza mwanafunzi, si alisomea ualimu. Basi lake lilipofika akasimama, akasema, "Mtoto nitamwona mapema tu, inshallah. Ila nitamwona nikiwa sina kazi." Akapanda. Mimi nilibaki pale kituoni nikaacha mabasi manne yanipite, na wala hakuna hata moja nililokuwa nalisubiri.

Jumamosi sikuwa mtu. Nilishona mfuniko wa kichwa cha kiti mshono ukiwa nje. Arbab akaushika, akaugeuza, akaniangalia. "Leo mukh mafi?" Ubongo hakuna leo? Nikasema, "Mafi, arbab." Hakuna. Akanirushia nifumue.

Nafumua huku nasikiliza ile voisi. Sijui niliisikiliza mara ngapi. Kila mara nilikuwa na tumaini la kijinga kwamba safari hii nitajisikia sikusema hivyo, labda nilisema jengo bila kusema la ofisi, labda sikumtaja Mganda. Nilikuwa nimesema yote. Na kwa sauti nzuri, ya kueleweka, hata pumzi nimevutia mahali pake.

Halafu mtu mmoja akanitumia picha ya grupu la Diskavari. Voisi yangu imerushwa mle ndani, na chini yake supavaiza ameweka kidole gumba. Basi. Hakucheka wala kuandika neno. Kile kidole nilikaa nacho siku nzima. Nimeipenda? Nimeisikia? Nimekupata?

Jumapili tulikuwa na mazoezi. Kipa hakutoka lindoni, asingethubutu. Golini tukamweka fundi cherehani mmoja wa hapa Satwa, wa nguo za kike, ndiyo, cherehani kweli, wacha wacheke. Saa kumi na mbili na robo simu yangu ikatetemeka mfukoni. Kipa.

"Amekuja."

Nikatoka uwanjani nikasimama pembeni.

"Amekaa kwenye kiti chetu. Anakunywa chai."

Supavaiza, siku ya ofu yake, asubuhi ile, getini. Nikaandika, "Anasema nini?" Hakujibu. Dakika tano. Kumi. Wenzangu wananiita nirudi beki, mimi wala sisikii.

"Bado yupo."

Halafu, "Ametuuliza leo tumekula nini."

Hapo nikavua njumu. Kocha akapiga kelele, "Oya, unakwenda wapi wewe?" Nikavaa ndala, nikashika njia ya metro kwenda kumsubiri supavaiza kwake, na ile fulana ya mazoezi ya rangi ya chungwa ikiwa bado mwilini.

Kwenye treni nikawa nafanya mazoezi ya uongo. Mzee, nilitunga. Mzee, mimi ni mropokaji, watu wote wanajua. Nilikuwa naongea kwa sauti bila kujijua, Mfilipino mmoja akanihama kiti. Mimi kusema uongo sijui, mimi najua kusema sana, ni vitu viwili tofauti. Lakini niliona kama mdomo ndio uliovunja, basi mdomo ndio uende ukaunge.

Diskavari majengo yanafanana, mtu unaweza kuingia kwa mwingine ukavua viatu kabisa. Nikamsubiri chini ya jengo lake mpaka saa tatu hivi, akatokea anatoka kituoni, chupa ya chai kwapani.

"Shikamoo mzee."

Akasimama, akaniangalia ndala, akaniangalia fulana. "Aa, nyinyi Watanzania. Shikamoo ikikuja mapema hivi najua kuna shida. Sema."

"Mzee, ile voisi ni uongo. Nilitunga."

"Ulitunga."

"Yote. Nilikuwa nina hasira na picha zenu za uwanja wa ndege."

"Na glavu chini ya wali?"

"Nilitunga."

Akacheka. Alicheka kweli, mpaka akaiweka chupa chini. "Kijana, hiyo ya wali huwezi tunga. Hakuna mtu duniani anaweza tunga hiyo."

Damu ikanipanda. Ndiyo ugonjwa wangu huo, mtu akinicheka nasahau nilichofuata. Nikamwambia, "Na wewe Jumapili asubuhi unaposhinda uwanjani na chupa yako, geti zako unamwachia nani?"

"Mimi niko off," akasema, polepole. "Off yangu ni Jumapili. Na ya leo nimeimalizia kwa geti nikikunywa chai na kipa wako. Unataka kuniuliza kitu ingine?"

Nikaangalia ndala zangu.

"Skiza," akasema. "Sijaandika ripoti. Nikiandika, ofisi inakata yeye, inakata yule Mganda, na geti inabaki bila mtu. Lakini pia hawezi kaa pale. Hiyo voisi yako iko kila mahali. Kesho mtu wa ofisi akiiskia, ataniuliza mimi nilikuwa najua ama sikuwa najua. Na mimi niko na familia kama yeye."

"Sasa mzee?"

"Kuna nafasi kwa site ya Jebel Ali. Off Jumapili, na mkataba mpya unaanzia huko, mimi ndio napendekeza majina. Nilimwambia jana."

Jana. Jana mimi nilikuwa nafumua kichwa cha kiti na kipa alikuwa ameshaambiwa, hakuniambia.

"Akasemaje?"

"Hapo ndio kuna maneno. Kambi ya hiyo site iko hapa nyuma tu. Mtu akilala hapa, Satwa kwenda na kurudi ni asubuhi yote imeisha. Anajua atacheza wapi. Akaniambia hawezi sema ndio mpaka jezi ipokelewe. Akasema, 'Sir, huyo mtu wangu hapokeangi jezi.'"

Hili nalo inabidi nilieleze. Ligi yetu haina karatasi za kuhama, ina jezi. Mchezaji akitaka kwenda timu nyingine anaifua jezi yake, anaikunja, anaipeleka mkononi kwa yule aliyemsajili. Yule akisema "nimepokea," ameachiwa. Asipopokea, hakuna timu itakayomwandika, na hili wote tunaliheshimu, maana kabla yake watu walikuwa wanapigana. Na mimi nilikuwa na sifa. Kuna winga wetu mmoja wa kushoto alitaka kwenda Nahda, nikamkwepa miezi miwili. Alikuwa anakuja dukani na jezi yake kwenye mfuko, mimi najificha chini ya meza ya kukatia. Mwisho mkataba wake ukaisha akarudi kwao bila kuchezea timu yoyote. Nilikuwa naisimulia hii kama ushindi. Watu walikuwa wanacheka.

"Huu ni wizi," nikasema. "Umetumia shida yake kumsajili."

"Nani ameiba? Sisi tumetafuta kipa tangu Juni, si unajua mpishi wetu? Hatukuwa tunajua huyo wako anaweza toka Satwa. Wewe ndiye ulituonyesha mlango uko wapi." Akaokota chupa yake. "Ofisi inataka jina kesho saa sita mchana. Kama si yeye nampa mwingine, na yeye anabaki kwa hiyo geti na hiyo voisi. Ongea na mtu wako. Umekunywa chai?"

Nikamwambia sinywi. Nilikuwa na kiu mpaka ulimi umenata, lakini chai ya Diskavari hapana.

Nikampigia kipa nikiwa kwenye ngazi za kituo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia ungekwenda kumpiga."

"Nisingempiga!"

"Uko wapi sasa hivi?"

"Diskavari."

"Umempiga?"

"Sijampiga."

Nikasikia anashusha pumzi. Nyuma yake Mganda akauliza kitu, akamjibu, "Hajampiga." Halafu akarudi kwangu. "Sikiliza. Mimi Satwa sihami kwa kupenda. Ulinipa chakula dirishani hunijui. Ukisema nibaki, nitabaki hapa getini, tutaomba Mungu ile voisi isahaulike."

Na alikuwa anamaanisha, ndiyo iliyoniua. Mtu amekaa na mkataba wa kumwona mwanawe upande mmoja, jezi ya Satwa upande wa pili, ananiuliza mimi. Mimi ambaye mpaka dakika ile, nakiri, kuna sehemu ya moyo wangu ilikuwa bado inapanga mechi ya kwanza ya Oktoba, na golini nilikuwa namwona yeye.

"Ilete kesho," nikasema. "Kabla ya saa sita."

Jumatatu nililifungua duka mimi. Saa tatu hajafika. Saa nne hajafika. Nikaanza kuwaza mambo: labda ofisi imewahi, labda wamemwita asubuhi, labda mtu amempigia meneja voisi yenyewe. Nikawa nachungulia mlangoni kila basi likisimama, arbab ananitazama, ananihesabia tu. Saa tano na nusu akatokea, anatembea haraka, sare mwilini, kwapa zimelowa. Foleni. Ilikuwa foleni tu.

Mkononi ana ule mfuko wa chakula.

Akaitoa ile jezi, namba moja, imefuliwa, imekunjwa vizuri, lakini ilikuwa inanukia wali. Akaninyooshea kwa mikono miwili. Mimi mikono yangu ilikuwa na chaki na gundi. Nikasema, "Ngoja nioshe." Nikaenda bombani nyuma. Nikaosha. Nikaosha tena. Ile meza ya kukatia ilikuwa palepale pembeni, na chini yake pako wazi, napajua ukubwa wake.

Arbab akaniita, "Yalla, mtu anakusubiri!"

Nikarudi nikaipokea. Nikasema, "Nimepokea." Sauti ilitoka ndogo, akaniomba nirudie, siyo kwa ubaya, sheria inataka isikike. Nikarudia.

Akachukua simu palepale mbele yangu. "Sir, ndiyo. Jebel Ali. Andika jina langu." Akasikiliza. "Na mwenzangu, sir?" Akasikiliza tena, muda mrefu kidogo. Alipokata nikamuuliza, kuhusu Mganda supavaiza amesemaje.

"Amesema yule anabaki palepale. Na kwamba tusiongee."

"Tusiongee nini?"

Akaninyooshea kidole mdomoni. Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi na mbili. Tukakumbatiana, fulana yangu ikamwachia gundi begani, akakimbilia basi.

Hiyo ilikuwa wiki iliyopita. Mkataba wa kipa bado haujasainiwa, ofisi imemwambia asubiri, na kila nikisikia simu nadhani ni yeye, wamemkataa. Grupu nalo halinyamazi. Habari za kipa zimeshaenea, wanataka ulinganisho mpya, usajili unafungwa kesho. "Mzee wa viti umekufa?" "Leteni cherehani aongee." Leo saa saba duka lilivyofungwa nikalala kwenye kiti kingine, cha mbele hiki, nikabonyeza.

"Kipa. Nahda, yule mrefu, hana ofu. Satwa, fundi cherehani, ofu anayo, mikono anajifunza. Diskavari." Nikajiweka sawa kitini. "Diskavari wana kipa bora kuliko wote kwenye ligi hii. Hajawahi kukosa mechi."

Hapa ndipo huwa nasema, mnajua anafanyaje? Pumzi nilikuwa nimeshaivuta kabisa. Nikaiachia, nikasimamisha kurekodi.

Sekunde thelathini na nne. Nikaisikiliza mara nne, natafuta kama kuna mtu nimemwacha wazi ndani yake. Sikumwona. Lakini na ile ya kwanza sikumwona mtu. Kwa hiyo grupuni sijaituma. Nimemtumia kwanza Mganda, nikamwandikia, "Kaka, sikiliza hii, ukisema sawa ndiyo niirushe."

Yuko dyuti. Tiki bado ni moja, haijamfikia. Saa kumi inakaribia na arbab atafungua mlango, na mimi niko hapa kwenye kiti, simu kifuani, nasubiri iwe mbili.